Heshima za Pwani ziache chini: neno kwa rubani kijana wa Kusini

Vijana wa Mtwara na Lindi wanaosomea urubani wakirudi likizo hunitafuta kwa maswali. Wanauliza kuhusu injini, mishahara, na saa ngapi za kuruka mtu anatakiwa awe nazo ndipo aajiriwe. Redio hawaiulizi. Wanaona ni jambo la kukariri tu. Mimi nimerusha ndege ndogo kati ya Dar, Mafia, Songo Songo, Kilwa na Mtwara, na nimekaa na marubani wasaidizi wengi, na nakuambieni tatizo la vijana wetu redioni si Kiingereza. Kiingereza wanacho. Tatizo ni adabu.

Sisi tumelelewa kuomba kwa kuzunguka. Ukitaka chumvi kwa jirani, kwanza hodi, kisha shikamoo, habari za watoto, mikorosho inasemaje mwaka huu, halafu ndipo unafika kwenye "samahani mama, kama kuna kachumvi kidogo." Ni uungwana, wala sitaki mtu auache. Ila auache chini, kabla hajafunga mkanda.

Siku moja tulikuwa tumeshapita Lindi tukielekea Mtwara, ndege ni Caravan, injini moja, bahari kushoto kwetu. Sindano ya presha ya oili ikaanza kushuka, ikaingia kwenye njano, yaani eneo la tahadhari. Nikamwambia rubani msaidizi aongee na mnara, mimi nashika ndege. Kijana mzuri, msomi. Akabonyeza kitufe na kueleza kwa Kiingereza kisafi kabisa kwamba tuna tatizo dogo la injini, na tungeshukuru kama ingewezekana tukapewa nafasi ya kutua mapema. Jibu likaja: "Stand by," yaani tusubiri.

Muongoza ndege hakukosea hata chembe. Alikuwa na ndege kubwa ya abiria inayojiandaa kuruka, na kilichomfikia masikioni ni "tatizo dogo" na "tungeshukuru". Nikabonyeza mwenyewe: "Pan-pan, pan-pan, pan-pan." Nikamtaja ninayeongea naye, nikataja jina letu la redioni, presha ya oili inashuka, tunakuja moja kwa moja kutua, tupo hapa, urefu wetu huu. Masafa yote yakanyamaza. Ile ndege kubwa ikaambiwa isubiri, sisi tukapewa upepo na njia ya kutua, na tulipogusa chini gari la zimamoto lilikuwa limeshasogea. Fundi alipofungua alikuta injini haina neno, kilichoharibika ni kipimo. Wapo walionitania kwamba nimewakimbiza watu bure. Sindano ikirudi kwenye njano hata kesho, nitasema vilevile.

"Pan-pan" mara tatu maana yake nina jambo la haraka linalogusa usalama, lakini si la kufa sasa hivi. "Mayday" mara tatu maana yake nipo hatarini na nataka msaada papo hapo. Hakuna neno la tatu la katikati. Ukisema "tuna shida kidogo", muongoza ndege hana droo ya kukuweka.

Anayedhani natia chumvi asome habari za Avianca 52. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 hiyo iliyotoka Colombia ilizungushwa hewani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York, hali ya hewa ikiwa mbaya. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akiongea na waongozaji. Aliwaambia wanahitaji kipaumbele, baadaye akasema mafuta yanaisha. "Emergency" haikutamkwa redioni, "Mayday" pia haikutamkwa, ingawa kapteni alikuwa ameshamwagiza awaambie kwamba wapo kwenye dharura. Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Muongoza ndege akamwambia atawapeleka mbali kidogo kisha awarudishe, akamuuliza kama hilo ni sawa kwao na kwa mafuta yao. Akajibu anadhani ni sawa, na akashukuru sana. Dakika chache baadaye injini zikazimika na ndege ikaanguka Cove Neck, kisiwani Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwemo, walikufa 73.

Kila nikifika kwenye "akashukuru sana" namuona kijana wa Mtwara. Ni jibu ambalo mtoto aliyelelewa vizuri angempa mkubwa wake.

Leo mambo ya mafuta yana maneno yake kabisa katika taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Ukisema "minimum fuel" unamjulisha muongoza ndege kwamba ukicheleweshwa zaidi utaingia kwenye akiba ya mwisho. Hiyo bado si dharura na haikupi kipaumbele. Ukishapiga hesabu na kuona utatua ukiwa chini ya akiba hiyo, ambayo kwa ndege ya injini za tabaini ni mafuta ya dakika 30, unasema "Mayday, Mayday, Mayday, fuel." Hapo huombi. Unatangaza.

Sasa suala la lugha, kwa sababu huku kwetu mpaka upo jirani. Ukivuka Ruvuma unaingia anga la Msumbiji, na hapo redioni unaweza kusikia Kireno kati ya mnara na marubani wa huko. Kanuni inaruhusu: lugha ya kituo cha ardhini, au Kiingereza. Lakini ujue kwamba kila usichokielewa ni ndege ambayo hujui ilipo, kwa hiyo uliza. Na wewe usije ukamsikia mtu ana lafudhi ya Kimakonde ukadhani mmefika nyumbani, ukaanza Kiswahili. Hata Songo Songo na Kilwa Masoko, unapotangaza mwenyewe ulipo na unakokwenda, hujui nani mwingine anasikiliza.

Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb, Yugoslavia ya wakati huo, muongoza ndege aligundua amechelewa: ndege ya Inex-Adria ilikuwa inapanda kuelekea njia ya ndege ya British Airways. Kwa kiwewe aliacha Kiingereza, akawaambia Inex-Adria kwa lugha ya kwao wabaki pale walipofika. Pale walipofika palikuwa ndipo urefu wa ile nyingine. Waingereza waliokuwa wakisikiliza masafa yaleyale hawakuelewa neno. Walikufa watu wote 176. Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyoua, maana makosa yalikuwa mengi na sekunde chache. Lakini watu ambao wangeweza kushtuka walinyimwa hata nafasi ya kushtuka.

Tarakimu nazo zina vifo vyake. Mwaka 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger ikikaribia Kuala Lumpur iliambiwa "descend two four zero zero", yaani ishuke hadi futi 2,400. Marubani wakasikia "to four zero zero", yaani hadi mia nne, wakarudia futi 400, hakuna aliyewasahihisha, wakagonga kilima. Wote wanne wakafa. Ndiyo maana husemwa "descend to altitude two thousand four hundred feet", na ndiyo maana ukipewa namba isiyokuingia akilini, huna sababu ya kuona haya kusema "say again", yaani rudia.

Mazoezi fanya kwa sauti, si kimoyomoyo. Mimi nilikuwa natembea ufukweni Shangani nikitangaza Mayday za uongo, na watoto wa pale walishaamua kwamba nimechanganyikiwa. Haidhuru. Ndege ikianza kutetemeka akili inakimbia, ulimi unabaki na ulichozoea. Sullenberger, kapteni wa ndege ya abiria ya US Airways, alipogonga ndege wa angani New York tarehe 15 Januari 2009, alikosea hata namba ya safari yake redioni, akasema 1539 badala ya 1549. Lakini alisema wamegonga ndege hao wa angani, nguvu imepotea injini zote mbili, wanarudi LaGuardia, na waongozaji wakajua la kufanya.

Tena usikimbilie kitufe. Kwanza endesha ndege, kisha jua unakwenda wapi, ndipo useme. Muongoza ndege akikuuliza wakati mikono imejaa, mwambie wewe "stand by". Akikupa maelekezo usiyoweza, sema "unable", bila samahani, kisha mweleze unachoweza.

Atakuuliza pia mpo watu wangapi na mafuta yamebaki ya muda gani. Idadi ya watu iandike kwenye karatasi ya pajani kabla ya kuwasha injini, na wewe ujihesabu. Mafuta yaandike kwa saa na dakika. Kipimo cha Caravan kinasoma pauni, na pauni hazimsaidii mtu aliye mnarani, kwa hiyo igeuze hesabu hiyo ukiwa Dar na uirekebishe unapopita Kilwa.