Ukimtafsiria mgeni kambini, kumbuka wewe unabaki

Shule zikifungwa Juni, makanisa mengi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hufanya kambi ya vijana, na mengine hupokea timu ya wageni kutoka Marekani kwa wiki moja au mbili. Anayejulikana kwa Kiingereza hupewa maiki. Nimeishika maiki hiyo miaka mingi, na kuna mambo ambayo mtafsiri huwa haambiwi.

Madhabahuni si pagumu sana. Kaa na mhubiri kabla ya kipindi, umwombe mistari yote atakayosoma, uiwekee alama kwenye Biblia yako ya Kiswahili. Andiko usilitafsiri kichwani, lisome. Vijana wamelishika kwa maneno ya Union Version, tafsiri ya Biblia iliyozoeleka makanisani, tangu Shule ya Jumapili. Mwombe amalize sentensi ndipo akupishe. Kama ana mfano wa besiboli au theluji, mwambie mapema, bado ana muda wa kutafuta mwingine.

Uzito uko baada ya ibada, pale mgeni anapotaka kuongea na kijana mmoja mmoja chini ya miti. Msichana wa miaka 14 ameketi, anakunja ncha ya kanga, na kila anaposema neno anakutazama wewe, kwa sababu ni wewe anayekuelewa. Kama wewe ni mwanamume, mwite dada mmoja atafsiri. Akikosekana, kaeni mahali mnapoonekana na watu. Akisema "nimepigwa", nawe sema kwa nafsi ileile, bila kupunguza makali na bila kuongeza ushauri wako katikati. Wala usimwahidi kwamba siri itaishia hapo. Kuna mambo ambayo mtu mzima akiyasikia hana ruhusa ya kuyalalia.

Kwa hiyo, kabla kambi haijaanza, muulize mchungaji: mtoto akisema anafanyiwa ukatili nyumbani, nani anapokea taarifa hiyo? Lipatikane jina la mtu, na asiwe mtu ambaye watoto wanamwogopa. Wajue pia afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Mgeni ataomba naye, atamkumbatia, atalia naye kwa moyo wa kweli. Jumapili anapanda gari. Msichana anarudi nyumba ileile.

Na hapo asipigwe picha. Hata mgeni akiomba kwa upole, hata akisema ni ya kuwaonyesha waumini wake wanaomwombea, mkatalie. Mtoto aliyetoka kulia hawezi kukataa mwenyewe.

Jambo jingine ni ahadi. Mgeni anasema ataangalia kama anaweza kusaidia masomo. Kwake hayo ni mawazo tu, lakini kijana anakwenda kumwambia mama yake amepata mfadhili. Mimi husimama hapo na kumuuliza mgeni kwa Kiingereza: unaahidi, au unafikiria? Nikishapata jibu ndipo natafsiri, na kijana namweleza nilichouliza, asidhani tunamsengenya. Mgeni naye aelezwe hali ilivyo. Sekondari za serikali hazina ada, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na sita tangu 2022. Kinachowakwamisha wengi ni sare, madaftari, nauli na mahitaji ya bweni. Mgeni akijua hivyo, msaada wake unaweza kuwa mdogo na ukafika kweli.

Akiamua kutoa, apitie kwa mzee wa kanisa au kamati ya vijana, na iandikwe: nani, kiasi gani, lini. Nakala moja ibaki kwako. Miezi miwili baadaye kijana atakusimamisha sokoni akuulize, "Kaka, yule mgeni amejibu?", na lazima uwe na jibu la kumpa.