Usimwage Wanga: Jinsi Nilivyojifunza Kupika Bila Nyama Lithuania

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti wa Tanga aliyepata nafasi ya kusoma udaktari mjini Kaunas. Hakuuliza habari za ada wala za baridi. Aliuliza hivi: "Dada, nasikia huko kila chungu kina nguruwe. Nitakula nini?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini jibu refu nimeona niliweke hapa, kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna safari kama hiyo, na kwa kuwa swali lake limenikumbusha aibu zangu mwenyewe.

Mimi niliacha nyama kwa kukosa ya halali karibu, kisha ikawa mazoea. Mwaka wa kwanza niliishi kwa wali na maharage, nikiamini kwamba Walithuania hawajui kupika bila nyama. Siku moja nilijipa moyo, nikaingia mgahawani na kuagiza cepelinai, yale madonge makubwa ya viazi, yaliyojazwa jibini nyeupe laini, huku nikisisitiza "be mėsos", yaani bila nyama. Yaliletwa yamemwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa, viitwavyo spirgučiai. Nilipolalamika, mhudumu alinijibu kwamba hiyo si nyama, ni mchuzi tu. Nililipa, nikatoka na njaa yangu, na hadi leo sipiti mtaa ule. Kwa hiyo, mdogo wangu, jifunze kusema "be spirgučių" kabla hujajifunza salamu, na supu ya maharage au ya kabichi iulizie mara mbili, maana mara nyingi huchemshwa pamoja na nyama iliyokaushwa kwa moshi.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mmoja mjane, aliponialika mezani kwake tarehe 24 Desemba. Usiku huo huitwa Kūčios, na mila inataka vyakula 12 visivyo na nyama, tena kwa wanaoshika sana hata maziwa na mayai hayaguswi, ingawa samaki wamo, hasa heringi. Nchi hii ilipokea Ukristo mwaka 1387, na mfungo wa karne nyingi uliwafundisha kupika vizuri bila nyama, jambo ambalo migahawa ya watalii haikwambii. Palikuwa na bitiruti, uyoga uliokaushwa tangu vuli, na kinywaji kizito chekundu cha spanguolės, matunda madogo makali ya kwenye vinamasi. Kilichoninyamazisha ni aguonpienas. Bibi alikuwa ameloweka mbegu za popi, akazisaga na kuzikoroga katika maji hadi yakawa meupe, akatia asali, kisha akatosa humo kūčiukai, vibiskuti vidogo vigumu. Nikamtazama mikono yake nikamwona mama yangu anakamua tui.

Baada ya usiku huo nilijiona fundi. Nilialika wageni sita, nikakwaruza kilo mbili za viazi vibichi, nikavikamua kwa kitambaa, nikamwaga maji na kufinyanga madonge. Yalipoingia kwenye sufuria yakayeyuka yote, tukabaki na uji wa kijivu. Mwenzetu mmoja, Mtanzania mwenzangu, aliupiga picha na kuusambaza kwenye kundi letu la simu. Sijamsahau.

Kesho yake bibi aliniuliza swali moja tu: "Maji uliyapeleka wapi?" Maji yale huachwa yatulie kama dakika kumi, kisha humwagwa polepole, na chini ya bakuli hubaki wanga mweupe, mzito kama chokaa mbichi, ambao hurudishwa kwenye viazi. Huchanganywa na viazi vichache vilivyochemshwa na kupondwa, na tone la ndimu ili visiwe vyeusi. Viazi viwe vya zamani, kwa sababu vipya vina wanga kidogo. Maji ya kupikia yatiwe kijiko cha wanga na yachemke kwa utulivu, karibu nusu saa. Juu yake weka mchuzi wa uyoga na krimu chachu badala ya spirgučiai.

Mwezi uliopita nilipika cepelinai 20 na halikupasuka hata moja. Bibi aliomba la pili, na nasema haya kwa kujivuna.

Sasa niwaambie ukweli, ndugu zangu: tatizo letu ni kukaa miaka ughaibuni bila kugonga mlango wa jirani, kisha tunalalamika kwamba wenyeji hawana chakula. Watu wa Dzūkija, kusini, kwenye mchanga usiozalisha sana, husema kwamba kama si uyoga na matunda ya msituni, wasichana wao wangetembea uchi. Nendeni mkaone wanachopika. Ila uyoga msiuchume peke yenu; fuataneni na mwenyeji anayeujua, kwa sababu mwingine unaua.

Na wewe binti wa Tanga, kikwaruzio utakinunua hapa. Kitambaa cha kukamulia njoo nacho kutoka nyumbani.