Maswali na Majibu: Kula Mumbai, Mji Uliouacha Ukiitwa Bombay

Swali: Nilisoma Bombay mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sasa nampeleka mwanangu chuo huko huko. Ile mikahawa ya Wairani tuliyokuwa tukinywea chai, bado ipo? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ipo, mzee wangu, ila imebaki michache, kwa hiyo anzia hapo kabla ya mambo mengine. Unakumbuka kona zile: Mzoroastria, mfuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ambaye wazee wake walitoka Yazd au Kerman huko Iran, meza za marumaru, viti vya mbao iliyopindwa, chai nzito ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Wengi wa watoto wao wamechagua kazi nyingine, na kona ya barabara kuu ukimpangisha mwenye benki inalipa kuliko vikombe vya chai. Mkahawa wa Bastani, mtaa wa Dhobi Talao, ulifungwa 2004. Jirani yake Kyani & Co., ya mwaka 1904, ingalipo. Agiza bun maska, ule mkate wa siagi, na keema pav, nyama ya kusaga na mkate, ukae utulie.

Kisha nenda mtaa wa Ballard Estate, kwenye mkahawa wa Britannia, ulioanza 1923. Nenda mchana, usingoje jioni. Chakula chake ni berry pulav, wali wenye zereshk, vitunda vidogo vyekundu vichachu vinavyotoka Iran. Yule mzee aliyekuwa akipita meza hadi meza kuongea na wageni, Boman Kohinoor, alifariki 2019 akiwa na miaka 97.

Na mwanao mwambie hivi: mkahawa hauishi kwa picha. Siku hizi wanaingia vijana wanne, wanapiga picha ya saa ya ukutani, wanaagiza chai moja, wanaondoka. Halafu mlango ukifungwa, wao ndio wa kwanza kuandika masikitiko. Anayeupenda mkahawa ale pale, alipe, arudi tena.

Swali: Hoteli gani bora ya kula Mumbai? (Wasomaji wengi)

Jibu: Mji una watu zaidi ya milioni 12. Niambieni mtaa mliofikia, mnachokula na pesa mliyonayo, ndipo niwajibu. Swali hili sitalijibu tena.

Swali: Mumbai tutapata nyama ya ng'ombe? Na ya halali? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ya ng'ombe sahau. Mwaka 2015 jimbo la Maharashtra liliongeza fahali na maksai kwenye marufuku ya kuchinja ng'ombe iliyokuwapo tangu zamani. Ukiona nyama ya aina hiyo kwenye menyu, kwa kawaida ni ya nyati wa kufugwa, ambaye anaruhusiwa. Kwa halali, Mohammed Ali Road, Bhendi Bazaar na Nagpada hutahangaika. Kwingineko uliza kabla ya kukaa. Na ukikuta kibao cha "pure veg", yaani hapauzwi nyama wala mayai, usimsumbue mhudumu kwa kumwomba hata yai. Mwenye duka anashika imani yake kama wewe unavyoshika yako.

Swali: Nasikia mikahawa mipya yote iko Lower Parel. Kuna maana kwenda, au ni fasheni tu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Nenda, dada, lakini ujue unakanyaga wapi. Lower Parel palikuwa pa viwanda vya nguo. Mgomo mkubwa ulioanza Januari 1982 uliwatoa kazini wafanyakazi wapatao robo milioni, na wengi hawakurudi kamwe. Mabohari yakalala miaka, kisha yakageuka ofisi, maduka makubwa na mikahawa. Unapokula chini ya paa la kiwanda cha zamani, unakula juu ya jasho la watu ambao leo hawamudu bili ya meza yako. Sisemi usile. Nasema ujue.

Chakula chenyewe, pale penye juhudi, ni kizuri kweli. The Bombay Canteen, iliyofunguliwa 2015, ilichukua mboga za msimu na mapishi ya majimbo mbalimbali na kuyapa heshima ambayo zamani hoteli kubwa ziliwapa Wafaransa tu. Mikahawa kama hiyo naiunga mkono. Inayouza taa za rangi na tambi za bei mbaya, pita mbele.

Hukuniuliza, lakini nakuonya: usiku wa tarehe 29 Desemba 2017 moto uliwaka katika baa za juu ya paa pale Kamala Mills, kiwanda cha zamani hapo hapo Lower Parel, ukaua watu 14. Wengi walikutwa chooni, walikokimbilia wakikosa njia ya kutokea. Ukiingia mahali pa ghorofani, tazama mlango wa dharura kwanza, menyu baadaye. Umefungwa au umezibwa kwa makreti? Geuka uondoke.

Swali: Bili yangu ilikuwa na tozo ya huduma ya asilimia 10. Ni lazima? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Si lazima. Mamlaka ya kulinda walaji ya India ilikataza mwaka 2022 mikahawa kuibandika tozo hiyo kwenye bili yenyewe, na Mahakama Kuu ya Delhi ikaunga mkono Machi 2025. Omba iondolewe, kwa upole. Kodi ya GST, kwa kawaida asilimia 5, hiyo utalipa. Mhudumu aliyekutendea vyema mpe mkononi.

Swali: Naweza kulipa kwa M-Pesa? (Wengi, tena na tena)

Jibu: Hapana. Wenyeji wanalipa kwa UPI, mfumo wa India wa kulipa kwa simu, kwa kuskani msimbo hata kwa muuza chai. Mgeni abebe noti ndogo za rupia.

Swali: Naenda Mumbai kumuuguza mama. Anafanyiwa operesheni na pilipili haiwezi. Nimlishe nini? (Msomaji, Zanzibar)

Jibu: Allah amponye, ndugu yangu. Kwanza msikilize daktari. Akikataza kitu, kimekatazwa. Akiruhusu chakula cha nje, tafuta vyakula vya kusini: idli, mikate laini ya mvuke ya mchele na dengu nyeusi, na wali wa mtindi. Khichdi ya dengu pia ni laini, na kwetu mchele wa pojo haujambo kufanana nayo. Mtaa wa Matunga ndio wenye sifa. Cafe Madras iko pale, na A. Rama Nayak, karibu na stesheni, inalisha watu tangu 1942. Mwambie mpishi "bina mirchi", yaani bila pilipili, umrudie mara mbili, na uonje mwenyewe kabla ya mama. Supu za kibandani usimpelekee, wala maji yasiyo ya chupa iliyofungwa mbele yako. Na wewe mwenyewe ule. Wauguzaji wengi wanashinda na chai tu mpaka wanaanguka korido za hospitali.