Muulize Fundi wa Ndege: Kibao cha kulia kinapanda, kisha kinarudi chenyewe

SWALI: Ndugu Fundi, habari za kazi. Nina ndege ndogo aina ya Mooney 231 ya mwaka 1981, umeme wake volti 14, naiegesha Arusha. Mwenye ndege wa zamani aliifunga spidi breki za umeme, yaani vibao vinavyochomoza juu ya mabawa kupunguza mwendo, nazo sasa zimezeeka. Tangu mwezi wa sita zinanisumbua. Nikiwa futi 11,500 naelekea Tanga, nikibonyeza swichi ya kwenye usukani kibao cha kulia kinatoka, kinakaa kidogo, kinarudi ndani chenyewe. Cha kushoto mara kinachelewa, mara sikioni kabisa. Asubuhi uwanjani ni hivyo hivyo. Lakini nikijaribu saa nane mchana vyote vinapanda vizuri, hata injini ikiwa imezimwa. Fundi anayenihudumia anasema tuagize katriji ya kulia kutoka Marekani, na bei yake inaumiza. Nifanyeje?
Rubani, Arusha

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Oda ya katriji ya kulia isimamishe kwanza. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikiisoma naona kibao cha kulia ni kizima. Anayeumwa ni wa kushoto.

Spidi breki za namna hii zina katriji moja katika kila bawa, na ndani yake mna mota, klachi ya umeme na springi. Mota inasukuma kibao juu, klachi inakishikilia, na umeme ukikatika springi inakirudisha ndani. Pande hizo mbili zimeunganishwa kwa makusudi: klachi ya upande mmoja ikiteleza, ya upande wa pili nayo inaachia, ndege isije ikabaki na kibao kimoja juu inavutwa upande. Sasa rudi kwenye safari yako ya Tanga. Kushoto kunashindwa kupanda, kulia kunapanda, kisha kunaamriwa kushuka na kunatii. Jicho la rubani linakwenda kwenye kinachosogea, kwa hiyo lawama inamwangukia aliyefanya kazi yake.

Jambo la pili umeliandika mwenyewe bila kujua uzito wake. Ukiwa futi 11,500 injini inazunguka na altaneta inatoa volti zake zote, lakini breki zinagoma. Saa nane mchana injini imezimwa, umeme ni wa betri peke yake, na breki zinafanya kazi. Uchache wa umeme ungekuwa ndio ugonjwa, mambo yangekuwa kinyume. Kinachotofautiana ni joto. Huko juu na asubuhi ya mwezi wa saba Arusha kuna baridi, na kitu kinachoganda kwenye baridi na kulegea kwenye jua ni grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi.

Niliwahi kuletewa ndege iliyoshinda msimu mzima ikitua kwenye viwanja vya udongo mwekundu, nayo ilikuwa na ugonjwa kama wako. Mtu mwenye nia njema alikuwa amepaka grisi kwenye kingo za vibao ili viteleze. Vumbi likashika, jua likakausha, ikawa ngumu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Nilipitisha kijiti cha mbao kwenye ule mwanya mwembamba kinapotokea kibao, kikatoka na utepe mwekundu mrefu kama kidole. Mota ilikuwa nzima, klachi nzima. Kibao kilikuwa kinakwaruza njia nzima, klachi ikazidiwa, ikateleza.

Hata hivyo pima, usiniamini kwa maneno matupu. Mwombe fundi aje alfajiri, ndege ikiwa bado ya baridi. Simu moja irekodi bawa la kushoto, nyingine la kulia, halafu bonyezeni swichi mara kumi. Kwenye video mtaona nani anachelewa na kwa kiasi gani. Kisha apime volti kwenye plagi ya kila katriji wakati mota inasukuma. Kupima ikiwa imetulia hakusaidii, kwa sababu waya mbovu ukiwa hauna mzigo unaonyesha volti nzuri tu. Volti za kushoto zikishuka sana kuliko za kulia, afuate waya na mahali unapofungwa kwenye bodi ya ndege. Ndege inayokwenda Tanga inalala kwenye hewa ya chumvi, na chumvi hupenda kujificha ndani ya plagi. Rangi ya kijani kwenye pini za shaba inatosha kukuambia.

Volti zikilingana na kushoto kukazidi kuchelewa, ndipo mje kwenye usafi. Hapa naomba umakini: kibao kikiwa juu, umeme ukikatika springi inakishusha kwa nguvu, kwa hiyo kidole kisiingie kwenye ule mwanya hata mara moja. Tumieni brashi laini yenye mpini mrefu. Kilainishi kiwe kile kilichotajwa kwenye kitabu cha breki zenyewe, na kama kitabu hakitaki kilainishi, msiweke. Dawa ya kopo inayopulizwa kwenye kila kitu hanga nzima ndiyo inayotuletea ukoko.

Na kuifungua katriji? Hapana. Klachi inarekebishwa kwa vipimo ambavyo mimi na fundi wako hatuna mezani. Ikiwa baada ya usafi bado inateleza, klachi imechoka, na hapo gharama haikwepeki. Ipelekwe ya kushoto kwenye karakana yenye idhini, na ukiweza zipelekwe zote mbili zipimwe pamoja, maana zimezeeka siku moja.

Wakati unasubiri, ndege inaweza kuruka bila breki hizo, mradi nyongeza ya spidi breki iliyomo kwenye kitabu cha ndege yako inaruhusu. Fundi avute saketi breka yake (kitufe kinachokata umeme wa breki hizo), aifunge isirudishwe kwa bahati mbaya, abandike karatasi kwenye swichi kwamba haifanyi kazi, na aandike kwenye daftari la ndege. Usiruke nazo zikiwa za kubahatisha. Kibao kimoja peke yake kwa kawaida hakimshindi rubani, lakini sitaki ukikutane nacho ukiwa chini na mwendo umepungua.

Kushuka ndiko kutakakokubana, naelewa. Futi 11,500 kwa futi 500 kila dakika ni dakika 23, na kwa mwendo wa noti 180, yaani maili 180 za baharini kwa saa, utakuwa umekula maili 69 za baharini. Maili hizo 69 kabla ya Tanga bado una Usambara mbele yako, huwezi kuanza kushuka mapema kiasi hicho. Basi vuka milima kwanza, punguza moto wa injini kidogo kidogo usipozeshe silinda ghafla, na mwendo ukifika chini ya noti 132 teremsha magurudumu. Hakikisha kikomo hicho kwenye kibandiko cha ndege yako. Magurudumu ya Mooney yakiwa nje ni breki nzuri mno, na hayakugharimu kitu.

Niandikie baada ya vipimo. Nataka kujua video ilionyesha nini.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ndege yetu iko Mombasa. Kijana wa hanga anaiosha kwa mashine ya presha ili chumvi itoke. Je, ni sawa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Kuiosha ni sawa na ni lazima, mashine ya presha siyo. Maji yake yanapenya kwenye mianya ya spidi breki, kwenye bawaba na kwenye beringi, yanaingia na chumvi ileile mnayoikimbia na kusukuma grisi nje mahali inapotakiwa kuwepo. Ndoo, sabuni ya ndege, sponji, na maji ya mpira yasiyo na chumvi wala nguvu. Vibao viwe vimefungwa wakati wa kuosha. Mkimaliza, vipandisheni na kuvishusha mara tano, kisha mwambie kijana akague chini ya bawa: kama kuna tundu la kutolea maji, lisiwe limezibwa na nta au utando wa buibui.