Shangazi Ajibu: Mume wangu ameunda mashua, nami naogopa kupanda

SHANGAZI, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kigoma. Mume wangu ni mtu wa Pangani aliyeletwa huku na kazi ya reli, naye pia amestaafu. Kiinua mgongo chake amekimalizia kwenye mashua ya tanga ya futi 27 aliyoiunda mwenyewe, tena bila kunishirikisha, na sasa anataka Julai hii tuondoke sisi wawili tu, tupitie bandari za upande wetu hadi Kasanga, kisha tuvuke hadi Mpulungu, Zambia. Siku ya kuishusha majini, watoto na majirani wakiwapo, aliniuliza kama nitakwenda, nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Sijui kuogelea, na kila tunapoijaribu mashua hunifokea wakati wa kutia nanga. Nikikataa ataona nimemwaibisha, nikikubali nitakwenda na hofu tupu. Nifanye nini?
Mke wa Nahodha

Dada Mke wa Nahodha,

Nianze na huo mwezi wa Julai, kwa sababu suala hilo halihitaji busara ya ndoa bali hesabu ya upepo. Ziwa Tanganyika limelala kutoka kaskazini hadi kusini kwa takriban kilomita 670, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki, ambao shemeji yangu wa Pangani anaufahamu tangu utotoni kwa jina la kusi, huvuma kufuata urefu huo huku milima ikiubana kila upande. Anayetoka Kigoma kwenda Kasanga katika miezi hiyo anaupokea usoni. Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka, hivyo mtalazimika kubisha kutwa nzima, mkikata kushoto na kulia na kulowa maji ya mawimbi, na kijiji mlichokiona mbele yenu asubuhi mtakikuta bado kiko mbele jioni. Watu wa pwani wana tabia ya kulidharau ziwa kwa kuwa maji yake hayana chumvi wala hayakupwi, ilhali upepo uliopata nafasi ndefu namna hiyo ya kuyasukuma maji huinua mawimbi ambayo wavuvi wenyewe huyaheshimu.

Kwa hiyo hofu yako ya Julai si ya kuonewa aibu. Mweleze hivyo kwa sauti ya kawaida, na akiwa baharia kweli hatabisha, labda kwa tanga tu. Mwombe msogeze safari hadi mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kusi inapolegea, kabla mvua za radi na pepo zake za ghafla hazijashika kasi. Mashua inaweza kuachwa kusini kwa mtu mnayemwamini, na mkairudisha mwaka unaofuata kuanzia Mei, wakati kusi ileile itakuwa nyuma yenu ikiwasukuma nyumbani. Akikutajia Liemba kwamba imepita njia hiyo miaka nenda miaka rudi, mkumbushe kwamba ile ni meli ya injini yenye urefu wa mita 70 na ushei, na hata hivyo ilikaa chini ya maji kuanzia 1916 hadi 1924, ingawa nikiri kwamba walioizamisha ni Wajerumani wenyewe wala si mawimbi.

Sasa tuje kwenye ile ndiyo yako. Ulisema ndiyo mbele ya watu, siku ya furaha, kwa swali ambalo aliyeliuliza alijua haliwezi kujibiwa kwa namna nyingine, na ndiyo ya namna hiyo ina uzito mdogo kuliko unavyoupa. Hata hivyo nisingekushauri uifute. Ukisoma barua yako mwenyewe utaona kwamba hukuandika mahali popote kuwa hutaki kuliona ziwa, wala kuwa hutaki kukaa na mumeo. Unachokataa ni kupakiwa. Basi mwambie kwamba utakwenda kama mwenzake, mwenye haki sawa na yake ya kusema tunaishia hapa, na kwamba haki hiyo mtaipatana nchi kavu kabla ya kung'oa nanga.

Njia yenyewe inawasaidia, kwa sababu bandari kadhaa za upande wetu zina barabara nyuma yake. Mkishafika Ikola na Karema, ambako imejengwa bandari mpya inayotazamana na Congo ng'ambo ya ziwa, kuna barabara ya kwenda Mpanda, na Mpanda kuna reli ya kuunganisha Tabora. Kipili na Kirando zimekingwa na visiwa, na kutoka huko mtu hupanda gari hadi Namanyere na Sumbawanga. Kasanga nako kuna barabara ya Sumbawanga. Patana naye kwamba katika kila kituo cha namna hiyo mtalala nchi kavu usiku mbili, na asubuhi ya pili kila mmoja aseme kama anaendelea. Hapana ya mmoja itoshe, isijadiliwe, na watoto waambiwe tu kwamba mashua imepumzishwa. Kipande ambacho hakina mlango wa kutokea ni kile cha Mahale, ambako milima inayozidi mita 2,400 inashuka hadi majini na upepo huporomoka mabondeni bila kubisha hodi. Kabla ya kukiingia, ridhaa yako iwe kamili. Kuhusu Mpulungu, ningeiacha kwa safari nyingine: kuvuka mpaka kwa chombo chenu wenyewe kuna mambo ya uhamiaji na forodha, na karibu na Kasanga yako maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka kutoka zaidi ya mita 200, ambayo yanatosha kabisa kuwa kilele cha safari ya kwanza.

Hilo la kufokewa wakati wa kutia nanga nalichukulia kwa uzito kuliko ulivyoliandika, kwa kuwa ni jambo litakalojirudia kila jioni. Fukwe nyingi za ziwa hili zina kina cha ghafla. Hatua chache kutoka ukingoni chini hakuonekani, na hivyo anayetafuta mahali pa nanga hulazimika kusogea karibu mno na mawe. Yeye yuko tezi, nyuma ya mashua, ameshika usukani, wewe uko omo, mbele kabisa, na mnyororo mkononi, upepo unachukua maneno katikati, yeye anapaza sauti ili asikike, nawe unasikia matusi. Kelele nyingine ni za upepo, nyingine ni za hofu yake mwenyewe, na zilizobaki ni ukali ambao hana haki nao. Patana naye ishara za mkono: shusha, subiri, toa tena. Fanyeni mazoezi hayo ghubani Kigoma mpaka mweze kutia nanga bila neno hata moja, na siku moja mbadilishane nafasi, yeye aende omo, wewe ushike usukani.

Kushika usukani si hisani anayokufanyia. Mko wawili tu. Akiteleza akaanguka majini, au akishikwa na malaria katikati ya safari, nahodha ni wewe, na kama hujui kutua tanga, kugeuza mashua na kuwasha injini ndogo, basi wote wawili mko hatarini, yeye kwanza. Ajifunze kukufundisha kwa subira. Tafuta mtu akufundishe kuelea, hata kama hutafika kuogelea, na majaketi okozi yavaliwe na wote wawili muda wote, yasikae chini ya mbao. Mashua ikaguliwe na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, usomwe kabla ya kila kuondoka, na usiku msisafiri kabisa, kwa maana huo ndio wakati wa wavuvi wa dagaa na taa zao, na nyavu zao hamtaziona. Kisha fanyeni jaribio moja kwenda kaskazini, mpite Gombe hadi Mwamgongo: kwenda mtasukumwa na upepo, kurudi mtabisha, nawe utakuwa umeonja yote mawili ukiwa bado karibu na kitanda chako.

Limebaki la fedha, uliloliandika kwa sentensi moja kana kwamba ni dogo. Nadhani ndilo linalouma zaidi, na sehemu ya woga wako ni hasira iliyokosa pa kukaa. Ulikuwa na haki ya kuulizwa. Lizungumzeni mkiwa nyumbani, mlango umefungwa, ukiwa na karatasi inayoonyesha pensheni zenu mbili, kilichobaki akiba na kitakachotumika safarini, na asipokupa majibu usipande. Ugomvi huo ukiingia nao ndani ya futi 27 hakuna chumba cha pili cha kwenda kununia.

Na akiyakataa masharti haya, usimzuie wala usimfuate. Amchukue kijana mzoefu wa Kibirizi, hapo Kigoma, awe baharia wake, nawe uende kwa basi hadi Mpanda, kisha Sumbawanga, umkute Kipili. Mpangiane tu siku ya kupigiana simu kabla hajaingia Mahale, kwa sababu akishafika huko mtandao utakuwa wa kubahatisha, na atakayekosa usingizi ni wewe.

Shangazi