Flashi ikikuonyesha alama za kuuliza, usiifute kwanza

Mtoto wa ami yangu alirudi kutoka Muscat na flashi iliyojaa kaswida, majina yote kwa Kiarabu. Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu kuukuu ya Linux, ile ninayoitumia kwa terminali tu, nikaimaunti (yaani kuiunganisha na mfumo ili isomeke) kwa mkono na kuandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili. Yakashuka mistari ya ????? ????.mp3. Nikajua flashi imekufa, kidole kikawa kishafika kwenye mkfs, amri ya kuifomati na kufuta kila kitu. Mwenyewe akanizuia: "Wewe, kwangu kwenye Windows inasoma vizuri tu!"

Alisema kweli. FAT32, mfumo wa mafaili wa flashi hiyo, huhifadhi majina marefu kwa Unicode, orodha ya herufi za lugha zote, kwa hiyo herufi zilikuwa salama. Aliyeharibu ni mkalimani wa katikati: kerneli yangu (kiini cha Linux) ilikuwa ikitumia iso8859-1, seti ya herufi za Kilatini, ambayo haina alifu wala be. Herufi isiyoijua huweka ?.

Itenge flashi na mfumo bila kuichomoa, kisha imaunti upya kwa utf8, namna ya kuandika Unicode kwa baiti:

sudo umount /mnt/flashi
sudo mount -t vfat -o utf8,uid=1000 /dev/sdb1 /mnt/flashi

(Hakikisha kwanza kwa lsblk, inayoorodhesha diski, kwamba ni sdb1. uid ni namba ya mtumiaji, weka yako kama si 1000, ili mafaili yawe yako, si ya root, msimamizi mkuu.) Wengi watakwambia uandike iocharset=utf8. Majina yatasomeka, ila kerneli yenyewe inalalamika kwenye dmesg (ujumbe wake), kwa kuwa hapo itaanza kutofautisha herufi kubwa na ndogo, jambo ambalo si desturi ya FAT. Mimi natumia utf8 peke yake.

Kazi ngumu ni kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa diski za Linux. Yenyewe hutunza baiti tu, haijui lugha, hivyo hakuna chaguo la kumaunti litakalokusaidia. Nilikuwa na folda ya zamani yenye faili ambalo jina lake halikusomeka, na hapo tatizo limo ndani ya jina lenyewe. Dawa ni convmv, programu ya kubadilisha usimbaji wa majina ya mafaili:

convmv -f cp1256 -t utf8 -r kaswida/

Bila --notest haibadilishi kitu, inakuonyesha tu itakachofanya. Mara ya kwanza nilibahatisha cp1252, ile ya Windows ya Ulaya Magharibi, yakatoka madudu: ãæáÏ. Kwa cp1256, ambayo ndiyo ya Kiarabu ya Windows, ikatokea مولد. Hapo ndipo nikaongeza --notest.