Gereji ya Wasomaji: Weber kwenye Land Rover ya zamani

SWALI: Salaam, mafundi. Nina pikapu ya Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25. Kabureta yake (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Zenith ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kula mafuta, tukafunga Weber 34 ICH mpya. Sasa silensi (mwendo wa injini bila kukanyaga eksileta) inapanda na kushuka, na nikiachia eksileta injini inachelewa kutulia. Tumekosea wapi?
Msomaji, Makambako

JIBU: Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta, tafuta hewa inayoingia mahali pasipotakiwa. Weber haikai moja kwa moja kwenye manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini) ya Zenith; kuna bamba la kuunganishia katikati, na bamba hilo linahitaji gasketi mbili, moja juu na moja chini. Wengi hufunga moja na kuziba upande wa pili kwa silikoni. Petroli huilainisha silikoni, hewa ikapenya, na vipande vyake vinaweza kufika kwenye matundu ya kabureta. Injini ikiwa silensi, nyunyiza maji kidogo kwa chupa kuzunguka bamba. Mlio ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Usitumie petroli kupima! Kwenye injini hii manifoldi ya moshi iko chini ya kabureta, na tone moja juu ya chuma cha moto laweza kuteketeza gari.

Ukifungua, zima injini, iache ipoe, toa waya wa hasi wa betri, safisha uchafu wa nje, kisha ziba tundu la manifoldi kwa kitambaa safi. Kwangua gasketi ya zamani yote, weka rula ya chuma juu ya bamba na uangalie kama mwanga unapita chini yake. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kukaza upande mmoja kwa nguvu hupinda kitako cha kabureta, na kipepeo (kibao cha ndani kinachofunguka ukikanyaga eksileta) huanza kukwama. Zenith nyingi nazo huharibika kwa kupinda hivyohivyo: nyuso za ndani hazikutani, petroli inapita pembeni ya jeti (kitundu cha kupimia petroli), moshi mweusi unatoka. Hiyo yako ya zamani usiitupe. Uso uliopinda kidogo husawazishwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo.

Sasa fito za eksileta, ambako ndiko injini yako inakochelewea kushuka. Series III haitumii waya kama magari mengi. Inatumia fito zenye viungo vya gololi. Viungo vikikauka fito hukwama, na bushi zikiliwa hucheza. Gari likiwa limezimwa, mtu mmoja akanyage hadi mwisho huku wewe ukitazama ndani ya kabureta. Kipepeo kisimame wima kabisa, na kanyagio ligote kwenye kizuizi chake kabla mkono wa kabureta haujafika mwisho, la sivyo uzito wa mguu wote utabebwa na ekseli nyembamba ya kipepeo. Akiachia, mkono ukae juu ya skrubu ya silensi, na fito ibaki na ulegevu wa milimita moja au mbili. Fito iliyokaza mno haikiachi kipepeo kifunge. Springi ya kurudishia ivute sambamba na mwendo wa mkono, siyo kwa pembeni. Angalia pia mpira wa injini: ukiwa umekufa, injini hutikisika na kuivuta fito yenyewe, gari likaruka-ruka kwenye gia ya kwanza.

Mwisho ndiyo marekebisho. Nafasi ya valvu iwe milimita 0.25, ya platini (vituo vya kukatia umeme ndani ya distribyuta) 0.35 hadi 0.40, ya plagi 0.75 hadi 0.80. Injini ikishapata moto na choki (kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi) imefunguka yote, kaza skrubu ya mchanganyiko hadi iguse taratibu, ifungue mzunguko mmoja na nusu, kisha itafute pale injini inapokwenda laini zaidi. Shusha silensi hadi mizunguko kama 700 kwa dakika.

SWALI: Weber yangu ilikwenda vizuri Dar es Salaam. Hapa Mbeya plagi zinakuwa nyeusi. Imeharibika?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Haijaharibika. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, ilhali jeti inatoa petroli ileile. Safisha kwanza chujio la hewa. Zikibaki nyeusi, weka jeti kuu ndogo kwa namba moja. Namba za Weber ni sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 125 ina tundu la milimita 1.25. Endesha kilomita kadhaa, kisha toa plagi: rangi ya kahawia ni sawa. Zikiwa nyeupe umepunguza kupita kiasi, rudisha ile ya mwanzo kabla valvu hazijaungua. Ukishuka tena pwani, rudisha jeti ya mwanzo vilevile.